Mizani ya Tisa

1

Pete ilipomkaza koo, Sikudhani alikohoa kikohozi kisichokuwa chake. Kimoja kirefu, kingine kifupi, cha mtu aliyekatizwa. Watu mia tatu waliojaa kwenye lile ghala la zamani la mkonge wakacheka kwa furaha, maana kikohozi hicho walikijua vizuri. Mwalimu Mwanatumu Shekue, aliyezikwa mwaka mmoja kasoro wiki moja uliopita, alikuwa tayari kuwasomea.

Naye akasoma. Yaani Sikudhani ndiye aliyefungua kinywa na kutazama maandishi. Lakini pale sauti ilipopanda, pale iliposhuka ikawa inamnong'onea mtu mmoja tu kati ya wote wale, pale ilipoliacha neno lining'inie mpaka wanawake wa safu za nyuma wakaguna "Enhe!", hapo Sikudhani hakuwa na lake. Alikuwa amepanga nyumba na mwenye nyumba amerudi.

Usije ukadhani watu wa Tanga walikosa mashine za kuwasomea. Walikuwa nazo mpaka zikawakinai. Kuta zilisoma, majokofu yalisoma, hata vituo vya basi vilisoma habari kwa sauti tamu zisizokosea. Ndipo watu wakaanza kuzikimbia sauti zisizo na mate. Walitaka mtu asimame mbele yao, jasho limtoke, apige funda la maji. Basi mafundi wakatengeneza pete, ukanda mwembamba wa shaba laini unaovaliwa kooni. Kwanza ulikaa kwenye koo la msomaji hodari, ukajifunza jinsi misuli yake inavyokaza na kulegea, anavuta pumzi wapi, anaibana wapi. Msomaji akishafariki, pete huvalishwa aliye hai. Maandishi utampa unayotaka, hata ambayo marehemu hakuyaona maishani. Usomaji ni wake.

Alipomaliza, watu wakapiga kelele "Rudia! Rudia!" kama ilivyo ada, naye akarudia beti mbili, akainama, akaondoka jukwaani huku mdomo mzima ukinuka iliki. Sikudhani iliki hali. Haliwezi hata pilau lenye iliki. Aliyekuwa akitafuna iliki kutwa ni Mwalimu.

"Ni koo tu linakumbuka mate," alisema Mhando, fundi wa pete, alipokuwa akimfungua kifungo cha shingoni. Mhando alikuwa na majibu ya kila kitu, na yote alikutolea kwa upole uleule, ungedhani anakuuzia dawa ya meno. "Kawaida hiyo."

"Na vidole?"

"Vidole vipi?"

Sikudhani alimwonyesha mkono wa kulia. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa bado vinagonga paja lake, taratibu, gonga, gonga, gonga. Mwalimu alikuwa akifanya hivyohivyo mezani akihesabu mizani, silabi moja pigo moja. *Mdomo mwongo,* alizoea kusema, *hesabu kwa kidole.*

Mhando alivitazama kidogo, kisha akaifunga pete kwenye kisanduku chake.

"Dada Siku," akasema, "pete haifiki vidoleni. Hicho ni kichwa chako. Nenda kalale."

Nje ya mlango alimkuta Bi Kheri, mdogo wake marehemu, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mama huyu hakuwahi kuingia ukumbini hata siku moja. Dada yangu nilimzika mara moja, alikuwa akisema, basi inatosha.

"Shikamoo, Bi Kheri."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda." Akafungua fundo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Nilikuwa nautoa ule mto wake pamba, nikaikuta ndani. Hati yake hii. Mimi herufi hizi sikujaliwa, unajua. Yeye alikufundisha wewe peke yako."

Zilikuwa herufi za Kiarabu, Kiswahili cha kale kilivyoandikwa, bila irabu hata moja, kama Mwalimu alivyopenda. Mkono ulikuwa umetetemeka.

"Hitima ya mwaka ni Ijumaa," alisema Bi Kheri. "Baada ya hapo, alasiri, wasomee watu. Kwa sauti yake. Siku hiyo nitaingia, Mungu anisamehe. Maana koo alilitoa mwenyewe kwa hiari yake, nami ni nani wa kukataa?"

Sikudhani akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Hakuweza kumtazama usoni.

2

Hapo ndipo ulipokuwa uongo wa Sikudhani. Mwalimu hakutoa koo lake kwa hiari.

Alikataa waziwazi, tena kwa kucheka. Ukumbi ulipomtumia wajumbe, aliwaandalia chai akawaambia, "Nikifa nizikeni nzima, wala msibakishe kipande." Wajumbe wakanywa chai wakaenda zao. Sikudhani alikuwa kando akimimina. Alikuwa amekaa na mwanamke yule miaka kumi na tisa. Alipelekwa kwake akiwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa kigugumizi, na siku ya kwanza Mwalimu alimwuliza jina, akasubiri kwa subira mpaka likatoka lote, kisha akasema, "Sikudhani. Nami sikudhani." Wakacheka wote wawili. Tangu siku ile kila alipofanya vizuri alisikia utani uleule, nami sikudhani, na kwa utani huo kigugumizi kilikwisha.

Sasa sauti ile ilikuwa inakufa. Homa ilipompanda Mwalimu akapotewa na fahamu, Sikudhani alipiga simu ukumbini. Alimvalisha pete kwa mikono yake. Akatia dole gumba kwenye fomu, mahali palipoandikwa *mrithi wa sauti*. Siku tatu mgonjwa aliweweseka, akisoma mashairi yake usingizini, akihesabu, akiita watu waliokufa zamani. Pete ikanasa yote.

Siku ya nne alizinduka. Akapeleka mkono shingoni, akaigusa pete, akamtazama mwanafunzi wake. Hakufoka. Aliivua mwenyewe, akaiweka mezani. Kuanzia saa ile mpaka anakata roho, wiki tano nzima, hakumwambia Sikudhani neno hata moja. Akiingia Bi Kheri, anaongea. Akiingia jirani, anaongea na kutania. Akiingia Sikudhani na uji, kimya. Mara moja Sikudhani alipiga magoti kando ya kitanda, akalia, akaomba, "Mwalimu, nipe radhi. Usiniache hivi." Mwalimu akageukia ukutani.

Mwanafunzi wa mshairi asiyepewa radhi, waulize watu wa pwani watakwambia. Anaweza kusoma, anaweza kushangiliwa, lakini kila neno litakuwa na mchanga ndani yake.

Basi alipofika chumbani kwake Chumbageni, aliifungua karatasi juu ya kitanda akijua anachokitafuta. Ulikuwa ubeti mmoja tu. Alisoma polepole, akiziweka irabu kwa kukisia kama alivyofundishwa:

*Sikuja kutaka hadhi, watu nikawasomea,*
*Nimelemewa maradhi, ulimi umelegea,*
*Naaga mbingu na ardhi, kwa aliyenikosea,*
*Koo langu la ardhi, wala si la kuchezea.*

Alikaa chini sakafuni. Mshtaki angesema nini zaidi? Naaga mbingu na ardhi kwa sababu ya aliyenikosea. Naondoka duniani kwa ajili ya mtu fulani, na mtu huyo anajijua. Kisha amri: koo langu ni la udongo.

Ni kweli, aliona kwamba mstari wa tatu una kasoro. Neno lilianza na nuni ikafuatiwa na ree moja kwa moja, bila alifu, ile *a* inayoanza *ardhi*, katikati. Na mizani zilizidi, kipande cha kwanza kilikuwa na tisa badala ya nane. Lakini mgonjwa alikuwa mahututi, mkono unatetemeka. Alifu imeanguka, silabi imezidi, kuna ajabu gani? Sikudhani alikuwa akiisubiri laana mwaka mzima. Ilipofika, hakuanza kuikagua tahajia.

3

"Ruka mstari wa mwisho," alisema Mhando.

Walikuwa wawili tu ukumbini, Alhamisi asubuhi, mazoezini. Jua liliingia kupitia matundu ya bati, likaangukia viti vitupu.

"Na wa tatu?"

"Wa tatu usome. Ni mzuri, unaumiza. Nani atajua unamsema nani?" Akakuna kidevu. "Ila huo wa nne unatufungia ukumbi, Dada Siku. Marehemu anasema koo si la kuchezea, na sisi tumemvalisha mtu! Kuna mwingine anayezisoma hizo herufi?"

"Hakuna."

"Basi."

Ndivyo jambo lilivyokuwa jepesi. Karatasi ile ingeweza kusema chochote atakacho Sikudhani. Angeweza hata kutunga mstari mzima wa msamaha, *nimekuridhia mwanangu*, akampa pete, na Mwalimu angeusoma kwa sauti ileile iliyomfundisha kusema. Angeisikia radhi yake kutoka kwenye koo lake mwenyewe. Usiku uliopita aliliwaza hilo mpaka alfajiri, na sitakuficha, alikuwa ameshapata vina.

Akavaa pete. Kikohozi kirefu, kikohozi kifupi. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, sauti ikatoka imejaa, ya mtu mzima aliyechoka lakini hajanung'unika. Wa tatu: "Naaga mbingu na a—"

Koo likakaza. Si kukwama kwa kawaida, la. Lilifunga kama mlango unaosukumwa na mtu aliye ndani. Sikudhani alishika shingo, macho yakamtoka. Mhando alirukia kifungo.

Walijaribu tena. Palepale. Mara ya tatu, palepale, na safari hii machozi yakamtiririka.

"Hataki," Sikudhani alinong'ona. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba. "Hataki niseme. Hata hapo hataki kusema nami."

"Nani hataki? Acha hayo." Mhando aligeuza kioo chake kidogo amwonyeshe michirizi. "Tazama. Pete inajua pumzi zake tu. Ukiiletea kitu ambacho pumzi yake haikuwahi kukifanya, inafunga. Ndiyo maana hata mtu akilia huku ameivaa, inamfunga. Naweza kuilazimisha. Kijiti kimoja nikivute, itapita."

"Umesema kuilazimisha."

"Ni neno la kazi tu."

"Nilishamlazimisha mara moja," alisema Sikudhani.

Mhando akakigeuza kioo chini. Yeye ndiye aliyeipeleka pete nyumbani siku ile ya homa, na alikuwa amekiona kitanda.

"Usivute kitu," Sikudhani akasema. "Kesho nitasoma yote minne. Ikifunga mbele za watu, ifunge. Bi Kheri aone."

"Utakosa kazi."

"Najua."

"Utakosa na yeye! Wakisikia huo wa nne watataka pete izikwe, na hutamsikia tena maisha yako. Umefikiria?"

Sikudhani alikuwa akitazama vidole vyake viwili, vimeanza tena kugonga, na safari hii pete ilikuwa kwenye kisanduku, upande wa pili wa chumba.

4

Alasiri ya Ijumaa watu walifurika mpaka wengine wakasimama uani kwenye madirisha. Walitoka kwenye hitima moja kwa moja, wana harufu ya ubani na ya halua. Bi Kheri aliketi safu ya mbele, mikono mapajani, mgeni wa nyumba asiyoipenda.

Sikudhani akaitandaza karatasi juu ya meza ya kusomea. Pete ikamkaza. Kikohozi kirefu. Kifupi. Safu ya mbele Bi Kheri alijishika kifua, maana hakuwa amekisikia kikohozi kile tangu kabla ya mazishi.

"Sikuja kutaka hadhi, watu nikawasomea..."

"Enhe!"

"Nimelemewa maradhi, ulimi umelegea..."

Hata waliosimama uani walikuwa wamesogea. Sikudhani alivuta pumzi. Vidole vyake vilikuwa vinagonga mbao ya meza bila kumuuliza, na safari hii, kwa kuwa alijua koo litafunga na hakuwa na la kufanya ila kungoja, alivisikiliza.

"Na-a-ga mbi-ngu..." Mapigo matano. Yamebaki matatu. "Na..." Sita. "A..." Saba, na koo likaanza kufunga, na katika nafasi ile nyembamba kabla hewa haijaisha, Sikudhani aliona kuwa vidole vina pigo moja tu lililobaki, na yeye ana silabi mbili mkononi, *r* na *dhi*.

Tisa. Mwanamke yule alihesabu mizani akiwa anaweweseka. Alihesabu usingizini. Hakuwahi kuandika tisa tangu azaliwe.

Macho yakashuka kwenye karatasi, mstari wa nne. *Ardhi* ilikuwepo pale, na alifu yake imesimama wima, mkono haukutetemeka hata chembe. Kumbe alifu anaijua! Akarudi mstari wa tatu. Nuni, ree, dhadi, yee. Hakuna alifu iliyoanguka, kwa sababu haikuwahi kuwepo. Neno lile halikuwa *na ardhi*. Mwaka mzima, Bwana weee, mwaka mzima amejiandalia shingo, na wiki nzima neno liko wazi mbele yake, mizani nane kamili.

Lakini hofu ikamshika hapohapo. Je, si hili ndilo nililotaka? Nimelisoma, au nimelitunga kama nilivyotaka kutunga usiku ule? Watu walikuwa wanamtazama. Akasema, kwa pumzi ndogo iliyobaki:

"Naaga mbingu, naridhi, kwa aliyenikosea."

Koo lilifunguka. Lilifunguka lote, na sauti ya Mwalimu ikatoka nyepesi, ina kicheko kwa chini, sauti aliyokuwa akiitumia kusema *nami sikudhani*. Naaga mbingu, na nimemridhia aliyenikosea. Mdomo wa Sikudhani ukajaa iliki, na kwa mara ya kwanza hakutaka kuitema.

"Rudia!" mtu akapiga kelele uani. "Rudia!" ukumbi mzima ukaitikia.

Akarudia. Angewezaje kukataa? "Naaga mbingu, naridhi, kwa aliyenikosea." Akaisikia tena ikipita kooni, radhi yake, ya moto, ya kweli. Wakapiga makofi, wakadai tena. Naye akajua kuwa angeweza kurudia kesho, na Ijumaa ijayo, na kila alasiri mpaka azeeke. Kila akitaka kusamehewa atavaa pete. Ilibidi tu auruke mstari mmoja, ule wa mwisho.

"Rudia!"

Sikudhani akapeleka mkono shingoni, akafungua kifungo.

Ukumbi ukapoa. Pembeni Mhando alianza kuja, kisha akasimama. Sikudhani akaiweka pete juu ya karatasi, akajaribu kusema, na kigugumizi cha miaka kumi na miwili kikamrukia, kigugumizi alichodhani kimekufa zamani. Mtu mmoja nyuma akacheka. Sikudhani akasubiri kwa subira, kama aliyewahi kusubiriwa, mpaka sauti ikatoka, nyembamba, kavu, yake:

"K-koo langu la ardhi, wala si la kuchezea."

Hakuna aliyesema rudia.

"Hakulitoa," akawaambia. "Alikataa. Mimi ndiye niliyemvalisha, hana fahamu. Mimi ndiye aliyenikosea anayemsema."

Hakujali kuwa kauli yenyewe imejikanyaga. Alishuka jukwaani na pete mkononi, akapita katikati ya minong'ono, akapiga magoti mbele ya Bi Kheri. Akamwekea pete mapajani. Mama aliitazama muda mrefu, kisha akaifunika kwa ncha ya kanga, kama mtu anavyofunika uso wa maiti.

"Nitampelekea kaburini," akasema. Halafu akainama, machozi yamejaa, na sauti yake ilikuwa kali. "Sasa niambie kweli, mtoto wewe. Mimi sijui kusoma. Hilo neno la kuridhia, kalisema yeye, au umelisema wewe?"

Sikudhani alifungua mdomo. Akaufunga; mdomo mwongo.

"Nipe mkono, Bi Kheri."

Akaukunjua mkono ule mkavu, na kwa vidole viwili akaugonga kiganjani, taratibu, pigo moja kwa kila silabi ya kipande kile cha mstari wa tatu, bila kutoa sauti. Midomo ya Bi Kheri ilikuwa inatikisika kwa kufuata. Vidole viliposimama, mama alingoja kuona kama kuna pigo la tisa. Halikuja.

"Nane," akasema, akaufunga mkono.